Harufu ya Pasi

Mama ndiye aliyeisikia kwanza, tukipita Baruti:
"Mwanangu, kuna mtu kasahau pasi juu ya nguo."
Nikamwambia ni jalala. Nikapandisha kioo.

Gari si langu. Ni la shemeji Ngowelo,
IST ya rangi ya majivu, ya kurudishwa kabla ya saa nne,
na mama ana mtoto wa jicho, ana kliniki Muhimbili,
na namba hugawiwa watu wakiwa bado na tongotongo.
Usiku niliegesha kwenye kile kimlima chetu cha Kimara,
nikavuta handibreki kwa mikono miwili
kama mtu anayefunga mbuzi wa kuazima.

Alfajiri nikawasha. Likagoma kidogo.
Nikakanyaga. Likaenda.
Mengi yangu huenda hivyo.

Shekilango nikalaumu mafuta: wamechanganya na ya taa.
Manzese nikalaumu injini, nikamlaumu na Ngowelo mwenyewe,
bahili yule, oili haimwagi mpaka iwe uji.
Kitaa chekundu chenye alama ya mshangao
kilinikodolea njia nzima.
Nilidhani ni mkanda wa mama.
Nikamfunga upya, kwa ukali.

Magomeni, foleni. Kijana wa bodaboda
akagonga kioo kwa funguo:
"Sista, matairi ya nyuma yanafuka!"
Mama hakugeuka.
"Pasi," alisema.

Gerezani, fundi Mbwilo akachomoa gurudumu,
akatema mate kidogo juu ya dramu: tss.
Shuu zimekuwa vigae. Dramu imepata rangi ya shingo ya njiwa.
Sili imeyeyuka, grisi ya beringi inatiririka kama samli.
Kisha akainama ndani, akanyoosha mkono katikati ya viti,
akabonyeza, akashusha.
Kak.
Afadhali angenitukana.

"Kutoka Kimara?"
"Kimara."
"Na ulikuwa unakanyaga?"
"Nilikuwa nakanyaga."

Laki na themanini, kwa dramu za mtumba.
Mama kakaa juu ya tairi bovu, kadi ya kliniki mapajani,
saa ya kuonwa imeshampita na yeye hajaiulizia.

Nikampigia Ngowelo. Nikaanza mbali:
watoto, kazi, ile mvua ya juzi, bei ya mchele.
Akaniacha nizimalize salamu zote.
"Handibreki?"
Nikanyamaza.
"Dada yako naye, mwaka juzi. Mpaka Kibaha."
Akakata.

Wiki mbili baadaye, kiti kilekile cha mbele,
giza bado, mama akapapasa katikati yetu
mpaka akakishika kile kirungu kilicholala.
"Imeshuka?"
"Imeshuka."
Akavuta hewa puani, polepole, mara mbili,
ndipo akasema, haya.