Jina kwa Penseli

Siku ya kwanza, ukumbi wa halmashauri, Newala,
Sista Ludovika alifuta ubao mara mbili
akaandika neno moja: NANI.
"Hili mtaulizwa. Hili hamtalijibu."
Tukaliandika, kana kwamba lingesahaulika.

Tulikuwa kumi na tisa, wauguzi, wapimaji,
na sisi wa ngazi ya jamii, wenye baiskeli.
Tukagawiwa wawili wawili,
mteja na mtoa huduma,
chai inapoa katikati.

Mimi nikawa mteja. Kikaratasi changu kilisema:
miaka thelathini na mmoja, ameambukizwa,
wenza watatu ndani ya mwaka.
Nambunga, kwa sauti ya karani wa ghala la korosho:
"Taja majina."
Nilikuwa naigiza tu,
lakini ulimi ulikataa kwelikweli.
Ludovika akachuchumaa kando yetu.
"Hujampa hata nafasi ya kupumua,
unamdai majina?"

Wiki tatu baadaye, njia ya Kitangari,
nimebeba jina moja kwa penseli.
Silitaji, hata humu shairini.

Nilimkuta shambani, mashine ya salfa mgongoni,
nyusi za njano, kipande cha kanga puani.
Nikangoja injini izime.
Nikasema nilivyofundishwa:
kuna mtu anayeijali afya yako.
"Nani?"
Nikarudia.
"Mke wangu?"
Kuna mtu anayeijali afya yako.
"Yule wa Tandahimba?"
Uso wangu uleule.
"Basi ni wa Masasi, yule mwenye duka."
Uso uleule. Shingo inauma kwa kuushikilia.

Akatua mashine. Akakaa juu ya gunia.
"Kumbe wanaonijali ni wengi," akasema,
akacheka peke yake, kicheko kikavu,
kisha hakucheka tena.

Akanawa kidole kimoja tu.
Maji ya kununua kwa ndoo hayanawishi mkono mzima.
Chini ya njano, ngozi. Kwenye ngozi, tone.
Tukakitazama kipimo kama watu wawili
wanaongoja ugali uive na hawasemezani.
Dakika kumi na tano.
Ludovika hakutuambia kuwa dakika hizo
mtu husikia hadi korosho zikidondoka,
na huu si msimu wa korosho kudondoka.

Majibu ni yake.

Nilipofunga mkoba akaniita:
"Una penseli?"
Akanitajia mwenyewe, polepole,
kama anayelipa deni kwa sarafu.
La tatu alilirudia, nisikosee herufi.

Jioni zahanati. Majina nikayalaza
kwenye rejista, kabati la funguo mbili.
Kijidaftari changu nikakifuta kwa raba
mpaka karatasi ikaota manyoya.

Ukiinamisha kwenye taa, bado kuna mfereji
penseli ilipokandamiza.
Nikaichana, nikaitia jikoni, nikabandika maharage.
Mume wangu akauliza, leo ulikuwa kwa nani?