Luninga ya Nne

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kibanda cha Shekiondo kina luninga nne.
Tatu ni za mpira.
Ya nne, iliyopasuka kona, ni yangu.
Mia tano nusu saa. Mimi hulipia saa nzima na nusu yake,
nikakaa juu ya kreti la soda,
vumbi la mkonge lingali nyweleni.

Gemu yenyewe ilikuja bure,
imo ndani ya fungu la sidii kuukuu kutoka Dar.
Shekiondo aliiandika kwa wino mzito: MBOVU.
Si mbovu. Haina haraka tu.

Ndani yake mna nchi isiyotajwa jina,
na mtu ambaye hata leo sijamwona uso,
na farasi wa kijivu.
Kazi ni kupeleka barua.
Ya kwanza niliibeba majuma mawili.
Mvua ikinyesha farasi hagomi, ila hugeuza shingo,
nami huelewa: tungoje.
Tukangoja chini ya jabali, yeye na mimi,
na saa ya Shekiondo ukutani ikila hela yangu.

"Imeganda hiyo!" Mbaruku anapaza sauti.
"Haijaganda. Anakunywa maji."
"Umeua wangapi, shangazi?"
"Sijaua."
"Umefunga mangapi basi?"
"Nimefunga kamba ya tandiko."
Wakacheka, wakacheka,
hadi mmoja wao akafungwa bao kwa kucheka.

Hawajui nitokako.
Tangu saa moja asubuhi nasimama mbele ya mashine ya kusokota
inayohesabu mita kwa sauti ya meno.
Nikipiga chafya, inahesabu.
Nikienda chooni, inahesabu.
Bwana Kihiyo, msimamizi, ana kidaftari;
miaka kumi na mmoja sijui ndani yake nimeandikwaje.
Basi jioni nikiambiwa hapa hapana wa kukukimbiza,
waweza kusimama juu ya daraja la magogo
ukatazama maji yakipita, tu,
nitalipa. Nitalipa hata akipandisha bei.

Siku moja nilimaliza nusu saa natafuta kivuko.
Sikukipata.
Nilipata kiota, mayai matatu yenye madoa.
Gemu haikunipa kitu.
Hapana pongezi, hapana nyota iliyolia,
mayai tu, na nyasi zikiinama upande mmoja.
Nikarudi nyumbani natabasamu
kama mwanamke aliyepokea mchezo.

Jumanne umeme ulikatika.
Mtaa mzima ukaguna, vijana wakalilia magoli yao.
Mimi nilikuwa katikati ya bonde, sijahifadhi:
safari ya siku nne imekwenda na maji.
Shekiondo akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni
akitaraji matusi.
Nikamwambia nitaipita tena ile njia,
kuna mti sikuutazama vizuri.

Jana Mbaruku hakuwa na hela.
Alikaa nyuma yangu juu ya ndoo iliyofudikizwa,
akanyamaza kwa muda ambao sikudhani anao.
Kisha:
"Nyuma ya kile kilima kuna nini?"
"Sijafika."
"Miezi mitatu hujafika?"
"Bado."
Akasogeza ndoo.

Nikampa pedi.
Kidole kikaenda penye kukimbia, mazoea,
na farasi akasimama, akageuza shingo.
"Anataka nini huyu?"
Sikumjibu. Nilimwacha.
Akalegeza kidole kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto,
na kwato zikaanza, moja, kimya, nyingine.

"Ana jina?"
"Hana."
Akafikiri. Kwenye luninga ya pili walipiga yowe la bao,
hakugeuka.
Akataja jina, akalitengua. Akataja jingine.
Nilipoamka kwenda zangu, namlipia nusu saa,
farasi alikuwa hajapata jina,
na kilima kiko pale pale.