Liko Kazini

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, jua halijaingia uchochoroni,
tunafungua mbawa zote mbili za makumbusho ya mtaa,
tunatoa meza, daftari, kopo la kalamu, glovu nyeupe za pamba.
Nje nimebandika karatasi: LETENI VYA KALE.
Mtoto wa jirani ameongeza kwa penseli: hata babu?

Wakaja.

Bi Shumbana na mbuzi ya kukunia, meno yamelika
kwa nazi za harusi alizozitaja moja moja
mpaka nikamwomba avute pumzi.
Taibali wa duka la misumari na mizani ya babake,
akaapa kadamnasi kwamba haijapata kupunja,
na kadamnasi ikatazama dari.

Dari nayo ina yake. Boriti zinaliwa.
Fundi Lali yuko juu ya ngazi na bomba la sindano,
anazidunga dawa, tundu baada ya tundu,
na unga wa mchwa unashukia orodha yangu.
Napuliza, naandika. Napuliza, naandika.

Namba mia mbili kumi na saba: ufunguo, chuma, shubiri moja.
Mwenyewe: Owiti, karani mstaafu wa bandari.
Alipanga chumba Kuze miaka ishirini na mitatu,
siku moja akatoka kazini akakuta ua wa mabati.
"Mlango ulikwenda na lori," alisema. "Mimi nilikuwa nimefunga.
Sijafungua tangu hapo."
Nasi tuna mlango usio na ufunguo, umeegemea ukuta wa nyuma,
nakshi zimezibwa na rangi ya mafuta.
Watu wakanyamaza. Akajaribu.
Haukuingia. Hata nusu.
Owiti alicheka kwanza, ndipo tukathubutu.
Nikaandika: haufungui chochote kilichopo.

Kisha Feruzi, muuza kahawa, na dele.
Kitako kimepigwa lehemu mara tatu,
mkono umezongwa kamba,
mdomo kama wa ndege aliyekatizwa maneno.
La babu yake. Labda la babu wa babu,
ila hataki kusema uongo mbele ya daftari.
Nikavuta glovu. Akanitazama vidole:
"Mbona wavaa kama waosha maiti?"
Nikamweleza: jasho lina chumvi, chumvi hula shaba.
"Na kabati," akauliza, "hula nini?"

Nilikumbuka zile kanda za sauti,
bibi kumi na wawili wakisimulia mtaa wao,
tulizozifunga vizuri, tukazikaza vizuri,
hata ukungu ukazisikiliza peke yake.

Tukapatana. Asubuhi likae rafuni,
watoto wa shule walichore, mdomo uwashinde.
Alasiri ikiadhiniwa, aje alichukue,
makaa chini, vikombe vikigongana mkononi,
azunguke nalo mpaka barazani kwa wacheza bao.
Usiku, likishapoa, amwachie Mwachiro mlinzi,
ambaye ushuru wake ni kikombe kimoja, chungu, kimejaa.

Wataalamu wangenikemea. Najua.
Glovu zao ninazo bado, droo ya kushoto.

Jumatatu mvua ikamleta mgeni, mwavuli unachuruzika.
Alisimama mbele ya rafu tupu,
akainama juu ya duara la masizi.
"Limeibwa?"
Nikamwonyesha kibandiko, mwandiko wangu,
wino umeanza kutambaa kwa unyevu:

Dele la kahawa. Shaba. Namba 218.
Liko kazini.
Ukilitaka, toka nje, simama kimya, sikiliza vikombe.
Beba sarafu.

Akatoka. Nilimwona akisimama kwenye kona,
kichwa upande, kama mtu anayeitwa na jina alilosahau.
Hakurudi.
Mwavuli wake nimeungoja wiki tatu,
kisha nikaupangusa, nikaupima urefu.
Namba 219.