Inchi Tatu na Robo

"Ya mtoto wa miezi mingapi?" ananiuliza muuza mitumba wa Memorial,
Jumamosi, saa moja na nusu, robota ndiyo kwanza linakatwa kamba.
Hana miezi, nasema. Ana inchi kumi na moja na nusu,
kiuno inchi tatu na robo, kifua tano,
na mguu haukanyagi, umesimama kwa ncha
kama wa anayechungulia ukuta wa jirani.
Anacheka, anamwita mwenzake aje asikie.
Wacheke. Mimi nainamia rundo la soksi
natafuta zisizo na pacha.

Soksi moja ya mtu mzima, yenye mbavu, ni gauni la jioni.
Kidole cha glavu ni mkono wa blauzi.
Tai ya hariri, hata iliyomwagikiwa mchuzi,
ina sketi mbili ndani yake ukijua pa kukata.
Kwa shilingi mia tano natoka na kabati zima
mfukoni mwa koti.

Zamani nilikuwa mjinga. Niliagiza gauni Dar,
likaja na basi, limefungwa kama dawa,
elfu thelathini na tano, bila nauli ya kifurushi;
mimi mwenyewe siku hiyo nimevaa la elfu nne.
Halikufunga mgongoni. Lilikuwa la wale wapya, wenye nyonga,
na Aikande wangu ni wa zamani, plastiki ngumu,
kifua mbele, nyonga hana, nywele zile zile za kiwandani.
Watu hudhani midoli yote ni mwili mmoja.
Ninayo kumi na mmoja, na ya huyu haimwingii yule.
Nguo ya kuazima haisitiri makalio,
hata makalio ya plastiki.

Nikaenda kwa fundi Nakijwa, kibarazani, karibu na mnara wa saa.
Akamshika, akamgeuza, akampima kwa kamba ya kiatu
maana futi yake ilikuwa pana kuliko mgongo.
"Huyu ni mtu au dondola?"
Kisha akanifunza bila kuinua macho:
kitenge kipya husimama kama bati,
tafuta kilichofuliwa mpaka kikakata tamaa;
ua kubwa litakaa moja tu kifuani, limfiche;
zipu sahau, weka kifungo cha kubana,
ile mikanda ya kunata hung'oa nywele;
na vidole vikinasa kwenye mkono wa nguo
mvishe kwanza kipande cha nailoni, atateleza.
Mabaki yalikuwa sakafuni. "Okota," akasema. Hakutaka hela.
Nilimpelekea kahawa ya ofisini, nusu kilo, tukawa sawa.

Ndiyo, mimi ni mhasibu wa chama cha kahawa. Miaka arobaini na sita.
Utotoni sikuwahi kuvaa kitu kilichonitosha.
Mama alinunua kubwa. "Utakikulia."
Nilipokikulia kilikuwa kimeshaisha viwiko,
kikawa cha Ndeshi, mdogo wangu, naye akaanza kuogelea humo.
Sweta la shule, la kijani, lilinimeza mikono hadi kucha;
asubuhi za Kibosho, ukungu umelala migombani,
niliandika kalamu ikitokeza pua tu.

Mwezi wa saba nililikuta sandukuni.
Nikakata mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko,
nikazishika nyuzi zisifumuke.
Taa ya mezani, sindano nyembamba, mpaka jogoo wa jirani.
Gauni likaingia. Halikubana, halikulegea,
bega kwenye bega, pindo juu ya goti.
Nilikaa nikimtazama Aikande
kama mtu aliyefunga hesabu za mwaka
na senti iliyopotea ikaonekana.

Jumapili Mama akashuka na ndizi zake.
Akavaa miwani. Akamtoa rafuni bila kuomba.
Akalivuta pindo kwa kucha, akalivuta tena,
akatikisa kichwa.
"Umembana," akasema. "Ungemwachia nafasi kidogo.
Mtoto atakua."