Linavuta Kushoto

Elfu sitini kwa siku, mafuta juu yako,
alisema Kefa dalali, pale Area D,
akinitembeza kulizunguka gari
kama muuza ng'ombe kwenye mnada wa Msalato:
mlango huu usiubamize, kioo hiki hakishuki,
na usukani, ushike vizuri ndugu yangu,
linavuta kushoto kidogo.
Mwenyewe nani? nikauliza.
Mwenyewe mtu mzima, hapendi usumbufu.
Saa moja jioni liwe hapa. Ikizidi dakika tano
umelala nalo, lipia siku ya pili.

Nilipowasha, mwanamke akaongea ndani ya dashibodi,
Kijapani, kwa upole,
kama mhudumu wa benki anayekueleza kwamba huna salio.

Saa nne Nzuguni, stendi kubwa, vumbi limeshaamka.
Ba'mdogo Mwaluko kashuka basi la Mpwapwa
na koti la harusi ya mwaka themanini na saba,
dumu la asali kalipakata kama mtoto mgonjwa.
Kaingia, kafunga mkanda. Mwanamke akasema tena.
"Marahaba," akajibu ba'mdogo,
kisha akanigeukia: "Hili umenunua lini?"
Nikamwambia, funga mlango taratibu.

Ndipo nikaujua mji huu.
Kwa miguu nilikijua kibanda changu cha useremala,
chumba changu Chang'ombe, na njia iliyo kati yake.
Sasa simu inasema nyoosha, nyoosha,
kilomita sita, mzunguko, toka ya tatu,
na kati ya nyumba na nyumba kuna pori lenye bei,
mawe ya mipaka yametokeza kwenye nyasi kavu
kama meno ya mtu anayengoja chakula.
Barabara pana, njia nne,
na juu yake mbuzi wawili na sisi.

Mtumba tulifika bila kukusudia.
Wizara baada ya wizara, vioo, bendera,
na mlinzi aliyetupigia saluti, nadhani kwa sababu ya koti.
Ba'mdogo akapunga mkono.
Nikamwacha apunge.

Barabara ya mzunguko, upepo wa ubavuni,
mabega yakaanza kuuma kwa kulikatalia.
Kila nilipolegeza mkono lilitaka kushoto,
kushoto, kama ng'ombe anayejua zizi lake.
Niliongeza mafuta ya elfu ishirini:
mshale ukabaki palepale, haukushukuru.
Njia nzima nilikuwa napanga.
Nitashuka polepole.
Ufunguo nitauacha uning'inie kidoleni.
Sitasema ni langu. Sitasema si langu.

Veyula. Geti la bluu.
Nyemo hakuruhusiwa kutoka, niliona pazia tu.
Baba yake alikuwa nje tayari, mikono nyuma,
wala hakututazama sisi.
Alilizunguka gari mara moja,
akainama, akapapasa mkwaruzo wa bampa la nyuma
kwa kidole gumba, kama anayetafuta homa.
Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa:
"Mbukwenyi. Karibuni.
Bado linavuta kushoto?"

Upepo ukapita. Ba'mdogo akakohoa kikohozi cha mahakamani.
"Kidogo, baba," nikasema,
na hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli siku ile.
"Na yule mama wa ndani?"
"Anaongea."
"Hapo sawa."

Tukaingia. Soda zikaja, baridi,
nikapiga hesabu kimyakimya:
hizi zote ni za kwangu, ukitoa kamisheni ya Kefa.
Ng'ombe wakatajwa, wakapandishwa, wakashushwa,
asali ikaonjwa, ikasifiwa, ikafichwa na shangazi.
Mara mbili nilimwona mzee akiitupia macho saa ya ukutani.
Jua lilipoanza kuinamia vilima akasimama,
akajipangusa magoti.
"Haya, yaliyobaki wiki ijayo," alisema.
"Msije mkachelewesha gari la watu."