Safu ya Mwisho

Kliniki ya sukari hufunguliwa Alhamisi saa mbili,
mvua ya Tukuyu huwa imefungua mapema zaidi.
Nina meza moja, kompyuta moja,
na kadi mia tatu na kumi na mbili
zilizolowa pembeni, zikakauka, zikalowa tena:
miaka sita ya presha
kwa mwandiko wa wauguzi wanne.

Muuguzi Tumpe anapenda sifuri.
Mia na arobaini. Mia na hamsini. Mia na sitini.
Kwake damu ya watu huhesabiwa kwa makumi,
kama ndizi kwa chane.
Siku Ikupa alipoandika mia na thelathini na saba
nilitaka kumkumbatia.

Kazi niliyotumwa ni hii:
kila mgonjwa apate mstari wake,
mahali pake pa kuanzia, mteremko wake,
na juu ya mistari yote upite mmoja mnene, wa wastani,
ambao hakuna mtu anayeishi juu yake.
Nikauchora. Ulipanda taratibu
kama barabara ya kutoka Kyela:
hujui unapanda mpaka masikio yazibe.

Matundu yalikuwa mengi.
Aprili hawaji. Daraja, chai, matanga.
Nilifundishwa kuziba tundu
kwa kukisia kutoka kwa waliokuja,
ila aliyekuja ndiye aliyeweza kuja.
Nikaandika hilo pembeni kwa penseli,
nikaendelea kuziba.

Faili namba themanini na tisa:
Subilaga Mwangoka, miaka sitini na moja,
kumi na mmoja kati yake na sukari.
Mstari wake ulinikatalia.
Nikiuvuta chini, yeye yuko juu;
nikimfuata juu, keshashuka.
Na kila alipokengeuka, kompyuta ilijaza tofauti
kwenye safu ya mwisho, niliyoiita KOSA
kama wote tunavyoiita.

Umeme ulikatika karatasi yake ikiwa imeshatoka.
Akaiomba.
Akaigeuza kwanza nyuma, kama anayekagua kitenge,
kisha akaweka kidole,
ukucha mweusi kwa utomvu wa migomba:
"Hapa Asangalwisye aliuza ng'ombe bila kuniambia.
Hapa ada ya Lugano, muhula wa pili.
Hapa," akacheka, "nilikuja kwa miguu
kutoka ng'ambo ya Kiwira, mkanipima kabla sijakaa.
Huo si ugonjwa, mwanangu. Huo ni mlima."

Na bonde lile refu la mwaka jana,
ambalo kwenye ripoti nilikwisha kuishukuru dawa mpya?
"Pikipiki," akasema. "Mjukuu alinunua pikipiki."

Kuna nukta moja hakuigusa.
Novemba, mia na tisini na nane.
Kidole kilizunguka, kikapita pembeni,
kama miguu inavyolipita kaburi.
Sikuuliza.

Akainama, akasoma kichwa cha safu herufi kwa herufi.
"Kosa," akasema. "Hili ni langu au lako?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikajifanya sikusikia.
Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga penye ncha ya kanga
pamoja na hela ya kurudia,
akasema ndaga, akatoka.

Alhamisi iliyofuata niliongeza safu mbili kwenye kadi:
AMEKAA DAKIKA NGAPI, na AMEKUJA KWA NINI.
Tumpe akauliza nataka usafiri au sababu.
Vyote, nikamwambia.
Siku hiyo aliandika mia na arobaini na mbili,
akaniangalia kuona kama nimeona.

Ripoti nimeirudia toka mwanzo. Dawa mpya
sasa ina sentensi fupi, yenye "huenda" mbili.
Nukta ya Novemba iko pale pale, peke yake juu ya karatasi.
Modeli inaniomba ruhusa ya kuifuta;
inasema mstari utanyooka.
Bado sijajibu.
Na jina la ile safu
sijapata lingine.