Tawi la Mashariki

Barabara ya Thelathini na Tano ikifika Burnsville
hugawanyika kama suruali:
mguu mmoja Minneapolis, mmoja Saint Paul.
Wangu ni huu wa mashariki.
Nimeuchonga theluji misimu kumi na tisa,
jembe la chuma mbele, tani saba za chumvi mgongoni,
na kila ufa wa kila daraja naujua
kama ulimi ujuavyo pengo la jino.

Nimeokota mengi huku. Godoro. Ngazi.
Jokofu lililobaki na picha za watoto mlangoni.
Viatu, vya kulia tu, sijui kwa nini.
Na mara moja keki ya harusi ndani ya sanduku lake,
haina hata mkwaruzo;
tuliila karakana, mimi na Xeng na mzee Delbert,
tukawaombea heri maharusi tusiowajua.

Chini ya kilima, penye nyumba za matofali na madirisha marefu,
barabara kuu huambiwa ivue viatu.
Maili arobaini na tano kwa saa, basi.
Malori makubwa marufuku.
Wenyeji walishtaki, miaka na mikaka,
na njia ikaingia kwa masharti, kama mkwe.

Ndiyo maana kaka yangu Lowell hapiti hapa.
Anavuta batamzinga walioganda kutoka Faribault,
magurudumu kumi na manane,
na sheria humpeleka mguu wa magharibi.
Miaka sita sasa sheria imetusaidia kutokutana.

Ilikuwa nyumba ya mama. Niishie hapo.
Yeye alisema iuzwe,
nami nikamjibu neno
ambalo hata chumvi hailiyeyushi.

Njia mbili zilimshinda fisi, hilo nalielewa.
Ila hakuna aliyesema kama fisi alikuwa na nduguye
aliyeshika ile nyingine.

Leo saa tisa usiku redio ya idara ilikohoa:
*Magharibi pamefungwa. Lori limelala ubavu.*
Dereva je? Redio haikusema.
Sikuuliza. Ningeanzaje?
Theluji haikuwa ikianguka, ilikuwa ikitembea,
inavuka njia bila kutazama kushoto wala kulia,
na mikono yangu juu ya usukani
ikawa ya mtu mwingine.

Kisha sauti tena, ya Xeng, imechoka:
*Ardis, polisi wanakuletea malori. Yote.
Usiku huu tu. Yapitishe kwako, polepole.*

Nikashusha jembe.
Nyuma yangu, kwenye kioo, taa zikapanga foleni,
mbili, nne, nane, nikaacha kuhesabu.
Tukaingia chini ya kilima kwa maili thelathini,
msafara wa vyuma unaonyata
kama watoto waliochelewa kurudi nyumbani.

La tatu kutoka kwangu liliwasha taa:
fupi, fupi, ndefu.
Baba alikuwa akifanya hivyo akikata kona ya kwetu,
ili mama aweke sufuria motoni.

Huenda ni dereva yeyote. Huenda swichi mbovu.
Nikagusa breki, fupi, fupi, ndefu,
kinyume cha kanuni za idara, ukurasa siukumbuki.

Hatukusimama. Pa kusimama hapakuwapo.
Columbus, kule kaskazini, miguu miwili inapokutana
na kuwa njia moja tena, isiyo na herufi,
mimi hugeuza, kwani zamu yangu inaishia hapo.
Malori yakanipita kuelekea Duluth, moja moja.
La tatu lilipiga honi. Mara moja, kavu,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.

Nikarudi kwa upande wa pili, jembe chini.
Kesho watu wa kilimani watapiga simu idarani,
kwamba vikombe vyao vililia kabatini usiku kucha.
Waandikiwe jina langu:
Ardis Tollefsrud, gari namba mia mbili na nane.
Nitakuwa karakana hadi saa sita mchana
nikiosha chumvi.
Simu yangu nitaiacha wazi.